Siku Tano za Rangi ya Silva

Mgeni akitangazwa shuleni kwetu, yaliyoteseka kwanza ni mawe. Kila jiwe kutoka langoni hadi ofisi ya prinsipo lilipakwa chokaa, hata kama lilikuwa limejikalia zake bila kumkosea mtu. Baada ya mawe ilifuata miti, ikavalishwa soksi nyeupe hadi magotini. Kisha nguzo ya bendera, kisha tenki la maji, kisha lango lenyewe, hivi vya chuma kwa rangi ya silva. Katika maabara yangu hapakuwa na hadubini hata moja iliyoona vizuri, lakini kama ulitaka kuona jiwe safi, ulikuwa umefika. Nilikuwa fundi wa maabara pale kwa miaka kumi na mmoja, kwenye kilima kile cha barabara ya Kathiani, Machakos, na sikumbuki mgeni yeyote aliyesimama akatazama mawe.

Tulikuwa na ugonjwa mwingine, huu haukuonekana barabarani. Tuliogopa nafasi wazi. Rejista ikiwa na kisanduku kitupu, mtu aliitwa ofisini. Nyuma ya staffrum palikuwa na kipimamvua, na kazi yangu ilikuwa kukisoma kila asubuhi na kuandika kwenye kitabu. Jumamosi na Jumapili shule ilikuwa imelala na mimi niko kwangu nafua, lakini Jumatatu kitabu kilikuwa kimejaa. Mzee aliyenitangulia kazini ndiye aliyenifundisha. Aliniambia Jumamosi niandike mvua kidogo kuliko ya Ijumaa, na Jumapili kidogo kuliko ya Jumamosi, halafu inspekta hatauliza kitu. Na kweli hakuuliza. Alikuja mara moja kwa mwaka, akafungua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate, akitafuta weupe tu. Mzee yule alistaafu na cheti cha mfanyakazi bora ukutani kwake. Nadhani alistahili, kwa sababu mvua yote ya wikendi ya wilaya ile aliitunga yeye.

Basi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, jua likiwa katika miaka yake ya ukorofi, akaja profesa. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka chuo kikuu, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watu walinyamaza wenyewe ili wamsikie. Alikuwa akitafuta paa. Mradi wake ulikuwa unaweka mitambo katika nchi kadhaa zilizo karibu na ikweta, na alitaka mmoja ukae kwetu. Juu ya mabati ya maabara akasimamisha mlingoti mfupi wenye antena nyeupe ya plastiki, umbo la bakuli lililofunikwa. Ndani, kwenye meza yangu, akaweka kipokezi, kompyuta, na betri ya gari ya kushika kazi stima ikipotea. Stima yetu ilipotea kama ilivyopenda.

Alinieleza kazi yenyewe taratibu. Setilaiti hupita juu yetu saa zote, na kila moja hutuma mawimbi mawili ya redio kwa wakati mmoja. Kabla ya kutufikia, mawimbi hayo hupita katika tabaka la juu kabisa la hewa, ionosfia, ambako jua limezing'oa elektroni kutoka kwenye atomu na kuziacha zikizurura. Elektroni hizo huyachelewesha mawimbi, na wimbi moja huchelewa zaidi kuliko lingine. Ukipima tofauti ya kuchelewa kwao, utajua njiani kulikuwa na elektroni nyingi kiasi gani.

Nilifikiri kidogo nikamwambia, kumbe ni kama dada wawili wametumwa sokoni. Wameondoka nyumbani pamoja. Mkubwa ana haraka, anapunga mkono tu na kupita. Mdogo hawezi kukutana na mtu bila kusimama, aulize habari ya ng'ombe, ya mtoto, na ya goti la nyanya. Wakifika sokoni huna haja ya kuwauliza walikutana na nani. Angalia tu mdogo amechelewa kiasi gani, utajua barabara ilikuwa na watu wengi au wachache. Profesa alitoa daftari lake akaandika maneno yangu. Mimi, msichana wa Kathiani niliyekosa chuo kikuu kwa pointi moja, nilimtazama profesa akiandika nilichosema, na kifua kikanijaa.

Ndipo akaniambia jambo lililonifanya nisilale vizuri mwaka mzima. Mtunzaji wa kituo atakayemaliza miezi kumi na miwili ya rekodi, mradi utampeleka chuo kikuu kusoma shahada ya fizikia. Kila kitu kimelipiwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeosha chupa za wasichana wa kidato cha nne, nikawaona wakiondoka kwenda kusoma kile nilichotaka mimi, wakirudi siku ya wazazi na viatu virefu na kuniuliza, "Madam, bado uko hapa?"

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Hilo lilikuwa kosa, ingawa si lile kubwa. Mama yangu hawezi kukaa na neno zuri. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba binti yake anaenda chuo kikuu kusomea mbingu. Mchungaji akaitikia kwamba mbingu ndiyo makao yetu sote. Akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Wiki iliyofuata mama akaniletea sanduku, la bluu, lenye kufuli mbili na funguo zimefungwa kwa uzi mwekundu. Nikaliweka juu ya kabati, nikawa naliona kila nikiamka.

Nilifanya kazi ile vizuri, na nasema bila aibu. Kila robo saa mtambo ulitoa namba moja, tisini na sita kwa siku, na mimi nilizipanga kwenye jedwali na kuchora mchoro wake. Mchoro wa kila siku ulikuwa kilima. Alfajiri chini, jua likipanda nao unapanda, saa nane au saa tisa mchana unafika juu, halafu jioni unateremka. Baadhi ya siku kilima kilikuwa kinene, nyingine chembamba, nami nikaanza kukijua jinsi mama anavyojua mtoto ameamka vibaya. Jioni nikifunga maabara nilisimama nje nikitazama juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuona, nikijua kuna nini. Nilikuwa na furaha. Sijui kulisema kwa njia nyingine.

Wenzangu walimu hawakuona sababu ya furaha. Mwalimu wa kilimo aliniuliza kama mashine ile inaweza kusema mvua itanyesha lini. Nikamwambia hapana. "Sasa kama haisemi mvua," akasema, "hapa Ukambani ina kazi gani?" Ni kweli, elektroni hazipiki muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa; nikarudi kwenye jedwali langu.

Kila Ijumaa nilishuka mjini hadi saiba, duka la intaneti, nikalituma jedwali la wiki kwa profesa. Chini ya jedwali palikuwa na nafasi kubwa iliyoandikwa Maelezo. Wiki ya kwanza niliitazama nafasi ile nikaona ni mtego. Nikaandika: Hakuna. Wiki ya pili nikaandika: Hakuna. Kwa miezi kumi na mmoja sikuwa na maelezo. Rekodi yangu ilikuwa imejaa pomoni, haina hata kisanduku kimoja kitupu, na nilijivunia jambo hilo kama mzee wangu na mvua yake, tofauti ikiwa kwamba namba zangu zilikuwa za kweli.

Mwezi wa kumi na mbili wa rekodi yangu ndio ulikuwa umeanza prinsipo alipotangaza asembli kwamba tutatembelewa na mkubwa wa elimu. Angekuja Ijumaa. Mawe yakaanza kutetemeka.

Prinsipo wetu alikuwa mtu mrefu mwenye fimbo ya kuonyeshea. Jumatatu ile alizunguka shule nzima, fimbo mbele na fundi wa rangi nyuma, na kila ilipoelekea fimbo, brashi ilifuata. Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa upande wa Masii, mtaratibu, aliyeipenda kazi yake. Mimi sikuwaona. Kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio wa kemia alasiri nzima, na nilikuwa nimezama katika asidi na buretti. Nilisikia nyayo juu ya mabati, nikafikiri wanapaka mifereji ya maji.

Saa kumi wasichana walipotoka niligeukia kompyuta. Asubuhi mtambo ulikuwa unaona setilaiti nane. Sasa ulikuwa unaona tatu. Nikiwa nimeshika kiti, ikabaki moja, kisha sifuri. Nilikagua waya, nikakagua betri, nikazima na kuwasha. Sifuri. Nikatoka nje nikatazama juu.

Antena yangu ilikuwa inang'aa kiasi cha kuumiza macho. Ilikuwa imepakwa ile rangi ya silva ya tenki na lango.

Mzee alikuwa chini ya ngazi anafuta brashi. "Mwaitu," akaniambia, yaani mama kwa Kikamba, "umeona vile imetoka? Ilikuwa chafu sana, ndege walikuwa wameigeuza choo. Nimeipiga koti tatu."

"Nani alikuambia upake?"

"Prinsipo. Alisema chuma yote ipigwe silva."

"Lakini hiyo si chuma, mzee. Hiyo ni plastiki."

Aliitazama kazi yake, akatabasamu. "Sasa imekuwa chuma," akasema.

Na mzee wa watu alikuwa amesema kweli tupu. Rangi ya silva ni unga wa aluminiamu ndani ya mafuta. Koti moja labda mawimbi yangepenya. Koti tatu, ni kama antena ilikuwa imefunikwa na sufuria.

Nilimkuta prinsipo akikagua mawe. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba antena haiwezi kusikia chochote ikiwa na rangi ile, na kwamba nikipata thina ya kuyeyusha rangi na kitambaa nitakuwa nimeisafisha kabla ya giza. Akanisikiliza huku fimbo yake ikigusa jiwe moja ambalo halikuwa jeupe vya kutosha.

"Madam," akasema, "mgeni anakuja Ijumaa. Ile kitu ndiyo ya kwanza ataona akiingia kwa geti. Wacha ing'ae. Akishaenda, unaweza kuivua hata ngozi."

"Rekodi itakatika siku tano, mwalimu."

"Hizo elektroni ziko huko juu tangu Adamu. Siku tano zitaenda wapi?"

"Na jedwali niandike nini?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza maji yanachemshwaje. "Weka ya wiki jana. Mbingu ni ile ile."

Nilimcheka moyoni, nawaambia ukweli. Nilijiambia, huyu ndiye mwenye shahada, na mimi niliyekosa pointi moja ndiye ninayeosha chupa. Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua ngazi nipande kimyakimya. Ngazi haikuwepo. Prinsipo alikuwa ameifungia ofisini mwake, imeegemea ukuta chini ya picha ya rais, na funguo ziko mfukoni mwake. Alinijua vizuri kuliko nilivyodhani.

Jumanne ikapita, sifuri. Jumatano, sifuri. Alhamisi niliketi mbele ya kompyuta ile nikiona safu za nafasi tupu zikishuka chini moja baada ya nyingine. Kila nikifumba macho niliona vitu viwili: inspekta na kidole chake cha mate, na sanduku la bluu juu ya kabati.

Ijumaa mgeni alingojwa saa nne, akafika saa tisa. Wasichana walikuwa wamesimama juani na nyimbo zimewakaukia mdomoni. Prinsipo alimwongoza hadi maabara, akainua fimbo kuelekea paani. Mgeni akakinga macho kwa kiganja.

"Hii, mheshimiwa, ni mashine ya kisayansi," prinsipo akasema. "Inahesabu akina dada wanaoenda sokoni."

Nilikuwa nimemweleza mfano wangu wa dada wawili mara moja tu, kwenye chai, na hicho ndicho alichobaki nacho. Mgeni aliitikia kwa kichwa, kwa uzito mkubwa. Wakaingia ndani. Kwenye kompyuta kulikuwa na mchoro, kilima kizuri cha mviringo.

"Na hii inafanya kazi sasa hivi?" mgeni akauliza.

"Sasa hivi, mheshimiwa," prinsipo akasema.

Wote wawili wakanitazama. Mchoro ulikuwa wa Ijumaa ya wiki iliyopita. Nilikuwa nimeufungua mwenyewe asubuhi, hakuna aliyenituma, kwa sababu sikutaka mgeni akute kioo cheusi. Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa."

"Safi sana," akasema, na wakaenda kunywa soda. Mawe hakuyatazama.

Jioni ile ngazi ilirudi. Jumamosi nilipanda tangu asubuhi, nikaisugua antena kwa thina hadi ngozi ya vidole ikababuka. Adhuhuri setilaiti zikaanza kurudi, moja, tatu, saba. Karibu nilie pale juu ya mabati. Nilishuka nikatazama namba za kwanza, nikaona ni za chini mno, kilima kimelala chini kama kilichougua. Nikasema ni mabaki ya rangi ukingoni, nikaacha hapo. Laiti ningejiuliza swali moja zaidi mchana ule, lakini nilikuwa na visanduku vya kujaza.

Ningependa sana kusema prinsipo ndiye aliyenilazimisha. Nimejaribu kuisimulia hivyo, na watu huikubali haraka. Lakini usiku ule prinsipo alikuwa kwake amelala, na mimi ndiye niliyekaa na yale majedwali mawili, la wiki iliyopita na lile tupu. Nilinakili Jumatatu hadi Ijumaa. Nilibadilisha tarehe. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu makini, nikaongeza moja hapa, nikapunguza mbili pale, ili siku zisifanane kama mapacha. Ilinichukua saa mbili. Niliifanya vizuri kuliko mzee wangu alivyowahi kufanya mvua. Kwenye nafasi ya Maelezo nikaandika: Hakuna. Kulipokucha nikashuka saiba nikatuma, nikanunua mandazi mawili, nikala njiani nikirudi.

Wiki mbili baadaye profesa alikuja mwenyewe. Hakuwa ameniarifu. Aliingia maabara, akanisalimu, akauliza habari za mama, kisha akakunjua karatasi ndefu juu ya meza. Ilikuwa michoro ya vituo vyote, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na vilima vyake saba vya wiki ile. Jumatatu na Jumanne vilima vilikuwa vya kawaida. Jumatano vikapasuka. Vilipanda hadi nje ya mistari, vikaanguka, vikapanda tena, na Alhamisi na Ijumaa vikawa vimesambaratika. Jumamosi vilikuwa vimelala chini, vya kuugua.

"Jua lilitoa dhoruba kubwa," akaniambia kwa ile sauti yake ndogo. "Ndiyo kubwa tuliyopata tangu tuanze. Tulikuwa tunaingojea."

Kituo cha mwisho chini ya karatasi kilikuwa Machakos. Jumatatu kilima. Jumanne kilima. Jumatano kilima, kizuri cha mviringo. Dunia nzima ilikuwa imetikiswa, na juu ya shule yetu mbingu ilikuwa imetulia kama imekaribishwa chai.

"Dada," akasema, "wiki hiyo Machakos kulikuwa na nini?"

Nikasema, "Kulikuwa na mgeni."

Nikamweleza yote, mawe, fimbo, mzee, koti tatu, ngazi chini ya picha ya rais, na saa zangu mbili za kunakili. Alitoka nje, akapanda, akapitisha kidole chini ya ukingo wa antena ambako thina haikufika. Aliposhuka kidole chake kilikuwa na alama ya silva.

"Kwa nini hukuandika tu?" akauliza. "Tumeweka nafasi ya maelezo."

"Niliogopa pengo. Nilifikiri nikiwa na pengo nimekosa."

"Vituo vyote vina mapengo. Kituo kimoja nyani walikata waya, kikakaa siku tisa bila kitu. Mtunzaji wake aliandika: nyani. Anaanza masomo Septemba." Akaanza kukunja karatasi. "Wewe peke yako ndiye hukuwa na pengo hata moja. Mimi nilikuwa nakusifu kwa wenzangu."

Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia siku nyingine zote ni za kweli, miezi kumi na mmoja, namba kwa namba, naapa kwa jina la mama yangu.

"Nakuamini," akasema, na nikaona ni kweli ananiamini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Lakini siwezi kuandika kwenye jedwali kwamba nakuamini. Sasa sijui ni siku zipi, na atakayesoma baada yangu hatajua. Itabidi niziondoe zote."

Zote. Vilima vyangu vyote, na zile jioni nilizosimama nje nikitazama juu. Mtambo uliondolewa kabla ya mwezi kwisha ukapelekwa mji mwingine. Pale kwenye mabati lilibaki duara dogo la silva ambapo rangi ilikuwa imedondoka. Muhula uliofuata shule yetu ilipewa cheti cha usafi, prinsipo akakipachika ofisini mwake pale ilipoegemezwa ngazi.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nimeandamwa na watu wabaya. Jumatano kanisa zima likafunga na kuomba dhidi ya maadui zangu. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, sina uso wa kuwaambia wanamwombea nani mabaya. Sanduku la bluu mama alilichukua akasema atalitunza. Siku hizi anahifadhia humo mbegu za maharagwe, na kusema kweli wadudu hawaingii.

Mvua za Novemba zilipokuja zilikuja kwa hasira. Wikendi moja ilinyesha kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili bila kupumua, na maji yakazoa udongo wa kilima chote hadi barabarani. Mimi nilikuwa kwangu. Jumatatu nilikuta kipimamvua kimeangushwa, kimelala ubavu, hakina kitu. Nikafungua kitabu. Jumamosi nikaacha wazi. Jumapili nikaacha wazi. Pembeni nikaandika kwa herufi za kusomeka: Kipimamvua kiliangushwa, hatukupima.

Saa nne prinsipo akaingia maabara na kitabu kwapani. Viatu vyake vilikuwa na matope mazito, yamepanda hadi kwenye soksi.

"Madam, hapa mbona wazi?"

"Hatukupima, mwalimu. Nimeandika sababu."

"Inspekta anakuja Jumatano."

"Atasoma sababu."

Alinitazama, si kwa ubaya, zaidi kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Akakifungua kitabu mezani pangu, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akapiga mstari juu ya maneno yangu. Jumamosi akaandika sifuri. Jumapili akaandika sifuri. Kisha akatoka, akasimama kwenye ngazi ya mlango wangu akisugua viatu, kwanza kimoja halafu kingine, na alikaa pale muda mrefu kwa sababu matope hayakutaka kutoka.